Mkono wa Pazi

Asubuhi ile tulikuwa tunafua. Mimi na Koplo Neema tulikuwa katika kikosi cha kulinda amani nchi jirani. Tulianika sare huku tukibishana nani anajua kupika wali wa nazi, yeye wa Songea au mimi wa Bagamoyo.

Mchana tukatoka doria na wenzetu. Kwenye daraja la mbao walisimama wanaume wanne, wamevaa sare za jeshi la nchi ile. Walitabasamu. Mmoja akainua mkono kutusalimu.

Neema akainua wake.

Wakapiga risasi.

Walikuwa waasi waliovaa sare za wizi. Wenzetu walijibu mapigo. Mimi nikambeba Neema mgongoni, risasi zikipita, hadi kwenye gari. Sikumwacha porini. Alikata roho kabla hatujafika kambini.

Nilipostaafu nilinunua shamba la mananasi Fukayosi. Kijiji kilinipokea kwa heshima, nami nilitembea kifua mbele. Lakini kila aliyenichekea nilimtazama mikono kwanza.

Siku moja mwanamume alichomoka kichakani, panga mkono mmoja, mwingine ameuinua. Anatabasamu.

"Shikamoo, mama!"

Nikampiga kwa mpini wa jembe. Niliusikia mfupa ukivunjika.

Alikuwa Pazi, jirani mgeni wa upande wa pili. Alikuja kunisaidia kufyeka.

Nimepita chini ya risasi, ila safari ngumu kuliko zote ni ile ya kwenda kwa Pazi kesho yake. Mama yake alinikuta mlangoni.

"Umefuata nini tena?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Na kueleza."

Nikaeleza yote, nimesimama wima, majirani wakisikia. Maishani sikuwahi kumsimulia mtu habari za daraja lile. Pazi, mkono umefungwa hogo la plasta, akaniuliza, "Kwa hiyo hukuniona mimi?"

"Sikukuona wewe. Niliwaona wao."

Akasema, "Basi nitakuwa naita jina langu tangu barabarani."

Na ndivyo afanyavyo hadi leo. Msimu ule nililima shamba lake kabla ya langu. Nami nimejifunza kumtazama mtu usoni, kuhesabu pumzi tatu, ndipo niamue ni nani. Hilo nalo ni ushujaa, hata kama halina nishani.

Nishani niliyo nayo naivaa siku za sherehe, wala sioni haya. Niliitumikia nchi yangu vema. Lakini mkono wa Pazi haukunyooka tena. Waliomuua Neema walikuwa adui. Pazi hakuwa adui wa mtu, na aliyemvunja ni mimi.