Rada Inasema Nini

Nikiwa mwanafunzi Durban nilipanga chumba kule Point, kwa mama mmoja Mkongo mwenye saluni chini ya jengo letu. Siku ya kwanza aliniuliza nasoma nini. Nikasema rada. Wee! Wakenya wa mtaani walishawazoesha watu "kaa rada", yaani kaa macho, basi mama akaamini naona hatari kabla haijafika. Kila asubuhi ni lile lile, akiniita mdogo kwa Kifaransa chake: "Petit, rada inasema nini?"

Nilimweleza mpaka koo likakauka. Rada yenyewe iko kwenye barafu, kusini kabisa mwa dunia. Mimi nachambua tu vipimo vyake kwenye kompyuta ya chuo. Hewa ya kule juu sana inajaa na kupwa kama bahari, kwa sababu ya joto la jua.

"Upepo unakwenda, unarudi. Ni hivyo tu, mama."

"Inarudiaka?"

"Inarudi. Kila siku."

Akaguna, akaendelea kusuka.

Mwaka 2015 zikaanza habari za wageni kupigwa na maduka kuvunjwa. Asubuhi moja kundi la wanaume wenye fimbo lilipita kwetu likiimba. Walitikisa geti la saluni, wakapinda kufuli, wakaenda zao. Sisi tulikuwa juu, nyuma ya pazia. 

Mchana mtaa ukanyamaza. Robot ya kona, yaani taa za barabarani, ilibadilisha rangi bila gari hata moja. Nikasema, "Wameshapita, mama. Nina nyundo, twende chini tukafunge geti vizuri."

Akanishika shati. "Wewe mwenyewe ulisema inarudiaka."

"Mama, ule ni upepo!" Nilimfokea kabisa. "Upepo wa kwenye barafu! Hauhusiani na watu!"

"Bale batu batarudi." Akafunga mlango wa juu, ufunguo akauficha kifuani. Nilikasirika, nikakaa chini kama mtoto aliyenyimwa kwenda kucheza.

Kabla ya magharibi tukasikia wimbo ule ule, kwa mbali, halafu si mbali. Geti likang'oka. Vioo vikamwagika, na harufu ya dawa ya nywele inayoungua ikapanda mpaka kwetu. Pale chini ndipo ningekuwa nimepiga magoti na nyundo yangu.

Mama hakulia. Alinisogelea, akaninong'oneza.

"Petit, ulisema ni kila siku?"