Kwenda Ijumbi Kumtafuta Kiongozi wa Ukoo Wetu

Wewe unayenisikiliza, nivumilie kidogo nikueleze kwanza ukoo wenyewe, maana usipouelewa utadhani nilisafiri kwa jambo la maana. Ni ukoo wa kwenye simu. Kuna mchezo wa mtandaoni ambao kila mtu ana mhusika wake; anamvisha, anampa silaha, anatembea naye katika nchi isiyokuwepo na kukutana na wahusika wa watu wengine. Wachezaji wakiungana wanaitwa ukoo, na ukoo una ghala. Sisi tulikuwa ishirini na wawili, na ghala letu tulilijaza kwa miaka miwili.

Waliotengeneza mchezo waliamua kwamba kiongozi wa ukoo asipoingia mchezoni kwa siku thelathini, ukoo unavunjwa na ghala linafutwa. Naibu hana la kufanya. Naibu nilikuwa mimi, na mamlaka yangu yote yalikuwa kubadilisha rangi ya bendera. Mwezi huo niliibadilisha mara nne kwa wasiwasi. Kiongozi wetu, aliyejiita Senene, alikuwa hajaonekana, na siku ya thelathini ilikuwa inaisha Jumamosi saa kumi alasiri. Ujumbe humfikia mchezaji akiwa ndani ya mchezo tu. Asiyekuwemo hapati kitu. Nilichojua ni kwamba aliwahi kuandika kuwa mvua ya Ijumbi imelowesha kahawa aliyoanika uani. Basi nikaamua kwenda Ijumbi, wilayani Muleba, Jumamosi hiyohiyo, nimwombe anikabidhi uongozi.

Saa moja asubuhi, nyumbani Kibeta, Bukoba. Mke wangu aliniona nimevaa shati la mikono mirefu, nimebeba sukari kilo mbili na miche ya sabuni, akauliza naenda kumposea nani. Nikamweleza hatua kwa hatua, kama ninavyowaeleza watu wazima ninaowafundisha kompyuta mjini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikumbusha mwavuli.

Saa tatu, Muhutwe. Abiria walinunua mananasi dirishani, nami nilikuwa napanga maneno. Hapa lazima nikiri jambo. Senene alinyamaza baada ya kuuza nyundo ya ukoo, ile tuliyokuwa tukijengea kuta. Hakukusudia. Kwenye ghala, kitufe cha Uza na kitufe cha Tunza vimekaa pamoja, rangi moja, ukubwa mmoja, na ukigusa huulizwi kama una uhakika. Nyundo ikaenda kwa mchuuzi. Siku hiyo nilimwandikia mbele ya ukoo mzima: "Dogo, kama hujui kusoma vitufe, mpe simu mkubwa wako." Nilikuwa nimemwita dogo miaka yote miwili. Nilimwona akilini: kijana mwenye kofia na haraka nyingi.

Saa nne, Muleba mjini. Nikamuuliza dereva wa bodaboda kama anamfahamu kijana wa Ijumbi anayecheza sana simu. Akafikiri.

"Kijana simjui," akasema. "Mama Koku, fundi cherehani, ndiye anayepigana na majoka. Ukimpelekea suruali yako, waitu, ndugu yangu, subiri joka life kwanza."

Njiani nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Mara ya pili akaongeza mwendo.

Saa tano kasoro, Ijumbi. Nyumba ilikuwa katikati ya migomba, na barazani alikaa mama wa miaka kama sitini, miwani imefungwa uzi, akishona sketi za shule. Nikatoa shikamoo, akaitikia, akapokea sukari na sabuni kwa mikono miwili. Kisha akaniletea kahawa ya kutafuna. Mwenyeji wa huku hamuulizi mgeni shida yake kabla hajatafuna kahawa na kula, na mgeni mwenye adabu haisemi mwenyewe. Nilitafuna huku nikitazama saa, naye akarudi kwenye sketi zake mpaka saa saba ikapita. Alipoingia jikoni kukoleza moto wa ndizi, adabu ikanishinda, nikamfuata hadi mlangoni nikamwambia kuwa mimi ndiye Mwamba wa kwenye mchezo.

Akanitazama kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Uliniambia nimpe simu mkubwa wangu," akasema. "Nikampelekea mama yangu. Ana miaka tisini. Akaniambia yeye haoni, nitafute mwingine."

"Nisamehe, mama. Nilidhani wewe ni dogo."

"Na ningekuwa dogo, ingekuwa sawa?"

Akaniambia nikae, chakula kimeiva.

Saa nane mchana, barazani. Ndizi na maharage vilikuwa vitamu, nami nikala kama mtu anayelipa faini. Baada ya kunawa, Mama Koku alisema uongozi atanipa, maana kwa umri wake hana haja ya kugombezwa na simu. Akafungua mchezo. Hapo ikaanza safari ya pili, ndefu kuliko ya kwanza.

Kukabidhi hufanyika katika baraza la mji mkuu, wahusika wawili wakiwa uso kwa uso. Mhusika wangu alikuwa hapo tayari. Wa kwake alikuwa amemwacha kwenye kinamasi, ng'ambo ya mto, siku niliyomgombeza. Farasi wa kiongozi anahifadhiwa mjini, kwa hiyo aliye mbali anatembea. Mashua huja kila robo saa na haisubiri mtu. Simu ikiita katikati ya mto, mhusika anatumbukia na kurudishwa kinamasini. Mteja alipiga kuulizia sketi. Tukarudi kinamasini. Akapiga tena kuulizia kama sketi ina mifuko. Nilikuwa nimetoka Bukoba mpaka Ijumbi bila kulowa.

Saa kumi kasoro dakika sita. Wahusika wetu walikuwa uso kwa uso kwenye baraza la mji mkuu. Mama Koku akagusa Kabidhi. Kwenye simu yangu likatokea swali, Unakubali, na sekunde kumi za kujibu. Nikanyoosha kidole. Swali likatoweka, pakaandikwa kuwa kuna toleo jipya na mchezo unafungwa ili kulipakua. Sekunde zikaisha. Jaribio la pili haliruhusiwi mpaka wiki ipite. Mimi, mwalimu wa kompyuta, nilikuwa sijasasisha simu yangu mwenyewe.

Saa kumi ikapita. Niliitazama migomba, kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Nilikuwa nawaza nitawaambia nini wale wengine ishirini, baada ya miaka miwili ya kujaza ghala kidogo kidogo.

"Mbona ghala lipo?" akauliza Mama Koku.

Nikachungulia. Ghala lilikuwepo, na hesabu ilikuwa imeanza upya: siku thelathini kamili. Ilianza upya saa nane, alipofungua mchezo. Sheria inasema kiongozi asipoingia. Aliingia, basi. Hakuna mahali inaposema lazima akabidhi kwa mtu. Sheria hiyo mimi ndiye ninayewasomea wanachama wapya, tena kwa sauti ya upole.

Mama Koku alicheka mpaka akavua miwani.

"Kwa hiyo bado mimi ni kiongozi wako," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi sikabidhi. Toa kalamu, nikuambie la kuwaandikia wenzetu."

Kumbe baada ya ile nyundo alikuwa amekaa na ghala jioni nzima, akigusa kitu kimoja kimoja polepole, hadi akagundua jambo ambalo mimi sikuliona kwa miaka miwili. Alikuwa hana wa kumwambia, maana ukurasa wa ukoo ulikuwa bado na maneno yangu.

Saa moja kasoro, ndani ya kosta ya kurudi Bukoba. Nilipakata mkungu wa ndizi alionipa na nikayaandika maneno yake kwenye ukurasa wa ukoo kwa kidole kimoja. Safari ilinifunza kitu kidogo cha aibu: uvumilivu ninaolipwa kwa ajili yake nilikuwa nawapa watu ninaowaona tu, na wa kwenye simu nilikuwa nawapa kilichobaki. Kuhusu vitufe, waliovitengeneza hawajabadilisha kitu. Kwa hiyo nawe ukiingia kwenye ghala la ukoo wako, fuata kama Mama Koku alivyoniamuru niandike: gusa picha ya kitu mara moja, ondoa kidole, subiri jina litokee. Kama pembeni ya jina kuna kibendera, ile alama aliyoigundua yeye, kitu hicho ni cha wote, rudi nyuma bila kuuza. Na ukiuza kwa bahati mbaya, tuandikie siku hiyohiyo; kwetu hakuna atakayekugombeza.