Mgongo Usiobeba Mjukuu

Mwaka juzi, msimu wa kuchuma pilipili manga, nilitokwa na malengelenge ubavu wa kushoto. Yalianzia mgongoni karibu na uti, yakapita chini ya kwapa, yakaja kukoma chini ya titi, mstari mmoja mwekundu kama alama ya fimbo. Dada yangu mkubwa, ambaye tunaishi kiwanja kimoja hapa Kinole, aliinua gauni langu akaangalia, akalishusha haraka.

"Mkanda wa jeshi huo," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka jikoni na hataki watoto wasikie.

Huku kwetu hilo jina halihitaji maelezo. Kwa aliyekulia mahali ambapo mkanda wa jeshi ni malengelenge tu, nitasema hivi: miaka ile ukimwi ulipokuwa ukituzika, wengi waliotangulia kutokwa na mkanda walifuata kutolewa kwa jeneza, na watu hawajasahau. Ukisema una mkanda, mtu anakwambia pole, na wakati huo huo macho yake yanapima mashavu yako kama yameingia ndani. Mimi ni mjane. Mume wangu aliuawa na ugonjwa wa ini, na hata wakati wa msiba kuna waliolipindua hilo ini likawa kitu kingine. Sikutaka kuwapa nafasi ya kulipindua tena.

Dada alichanganya masizi ya sufuria na mafuta ya nazi, akanichora mstari mgongoni na mwingine kifuani, ili mkanda usizunguke ukakutana. Ukikutana ncha kwa ncha mtu haponi, ndivyo tulivyoambiwa tangu utoto. Na mimi, niliyefundisha sayansi shule ya msingi mpaka nikastaafu, nilisimama nimeinua mikono juu kama mwizi aliyekamatwa, nikachorwa. Wanafunzi wangu wangeniona siku ile wangecheka mpaka wakae chini.

Malengelenge yalikauka. Maumivu yalibaki. Hapo ndipo watu huchoka kunielewa, maana ngozi imepona, makovu tu yamebaki, lakini chini yake kuna moto. Wakati mwingine ni moto wa polepole, wakati mwingine ni shoti ya umeme inayonikata maneno katikati. Kinachoudhi zaidi ni kwamba pigo halisi si lazima. Naweza kujigonga nisione shida, lakini kitambaa kikipita tu pale, au upepo wa mlimani ukiingia kwenye gauni, nauma meno. Sidiria niliiweka kabatini. Mwalimu mzima, mzee wa kanisa, nikawa natembea na dera pana mchana kutwa, nimekunja mkono kifuani kama kuku mwenye bawa bovu.

Nilijaribu kila kitu. Majani ya kuchemsha, majani ya kusaga, mafuta ya mchungaji mmoja aliyepita na gari lenye spika. Nilisikia pilipili hutoa ganzi, nikaponda pilipili kichaa nikajipaka, na yaliyonipata siku ile nisingemtakia hata adui. Mwisho nilishuka Morogoro mjini, hospitali. Daktari alikuwa kijana, akaniamkia shikamoo vizuri, akanisikiliza, akasema mishipa ya fahamu iliumizwa na ule mkanda na sasa inapiga kelele bila sababu. Kisha akaniomba nipime virusi. Nikapima. Sina. Akaniambia nirudi baada ya miezi michache nihakikishe. Nikarudi. Sina.

Ungedhani nilipanda kwetu naimba. Sikumwambia mtu hata mmoja, hata dada. Kusema umepima ni kukiri kwamba ulikuwa na sababu ya kupima, na mimi sikutaka kuonekana na sababu. Jirani yetu wa bondeni anaishi na virusi, anajulikana, anameza dawa zake na kila Jumapili anaimba kwaya ukumbi mzima ukatikisika. Mimi nisiye navyo ndiye niliyekuwa najificha. Nikifikiria hilo mpaka leo najisikia vibaya.

Daktari aliniandikia kidonge kidogo cha kumeza usiku. Kumbe kinatolewa dirisha la wagonjwa wa akili. Nilipanga foleni nimejifunika kanga mpaka puani, na mama mmoja wa kanisani kwetu akanijua kwa viatu. "Mwalimu, una mgonjwa huku?" aliuliza. Nikasema ndiyo, nina mgonjwa. Kidonge chenyewe kilinisaidia, lazima niseme ukweli. Hakikuzima moto, ila kilinipa usingizi, na aliyelala huvumilia zaidi ya aliyekesha. Nilikiweka kwenye kopo la chumvi ili dada asikione.

Basi mwaka huu binti yangu wa pekee akajifungua mtoto wa kiume. Yeye na mumewe wanaishi mjini, mume anafanya kazi kiwanda cha Mzinga. Kama desturi, alitoka hospitali akapumzika kidogo, kisha akaletwa kwangu nimlee uzazi. Kwetu Waluguru ukoo hufuata mama. Mtoto wa binti yangu ni wa ukoo wangu, atatajwa kwa jina la ukoo wetu hata kama ubini ni wa baba yake. Kwa hiyo mimi si bibi wa kuja kusalimia na kuondoka. Mjukuu huyu ndiye atakayetubakiza duniani, mimi na dada yangu ambaye hakujaliwa mtoto.

Nilimtunza binti yangu, hilo hakuna atakayenisuta. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikampikia uji wa pilipili manga na mtori wa ndizi zetu, nikafua. Lakini mtoto sikumbeba. Kumbeba ni mgongoni, na kanga ya kubebea hupita chini ya makwapa ikafungwa fundo kifuani, juu ya ule moto wangu kabisa. Akilia nilimwita dada. Dada alimbeba akaenda naye kuangalia pilipili zinazokauka juani, nami nikabaki na sufuria.

Kila asubuhi, baada ya kumwogesha, binti yangu alikuwa anakuja nilipokaa na kumlaza mtoto mapajani mwangu. Haombi, hasemi kitu, anamlaza tu na kwenda zake. Nilinung'unika moyoni. Nilisema, hawa mabinti wa siku hizi wameona mama ni kitanda. Nilikaa na mtoto vile vile nimejikaza, naogopa asije akanyoosha mguu upande wa kushoto, na mara tu mama yake aliporudi nilimrudishia.

Ikafika siku ya kumtoa mtoto nje. Katika nyumba yetu ni bibi mzaa mama anayembeba mjukuu mgongoni, anatoka naye mlangoni na kuizunguka nyumba huku wanawake wakipiga vigelegele, jua limwone na ukoo umwone. Wakwe zangu, wazazi wa mume wa binti yangu, walikuja kutoka Gairo na gunia la karanga, wamevaa vizuri, tukasalimiana kwa heshima zote. Ningeweza kusema naumwa. Ningeweza kusema tu, dada anisaidie. Lakini mama mkwe wa binti yangu angeniuliza naumwa nini, na mimi ningemjibu nini?

Nikainama, dada akamweka mtoto mgongoni, nikafunga kanga. Nilitoka mlangoni nikicheka meno yote nje. Tulipofika kona ya jiko mtoto akajinyoosha, kisigino chake kikaniparuza ubavuni, palepale. Sijui nilipiga kelele gani. Nililifungua fundo nikamsukumia dada yule mtoto kama mtu anayetupa sufuria iliyomuunguza, na bahati dada alikuwa ameshatanguliza mikono. Vigelegele vilikatika. Mkwe wangu wa Gairo alitazama chini, akaanza kukunja kanga yake iliyokwisha kukunjwa.

Binti yangu aliingia ndani. Nilimfuata chumbani, nikamkuta anafuta machozi na nepi ya mtoto.

"Mama," alisema, "kama umetuchoka sema. Mume wangu atakuja kutuchukua leo leo."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikuwa nimesubiri mpaka kilio kiwe cha mwanangu. Nilifunga mlango. Nilivua upande mmoja wa dera nikamgeuzia ubavu wenye makovu.

"Ni mkanda wa jeshi," nilisema. "Ulinipata mwaka juzi, na maumivu hayajaondoka. Kitu kikigusa hapa naona giza. Lakini nimepima, mwanangu. Nimepima mara mbili. Sina."

Nililisema lile "sina" kwa nguvu, kama mtuhumiwa aliyeachiwa huru na mahakama. Nilimtazama nione uso wake ukipata nafuu. Haukubadilika.

"Mkanda nilijua," alisema. "Mama mkubwa aliniambia kabla sijajifungua."

"Alikwambia nimepima?"

"Alisema hajui. Nikajua ni ule ugonjwa."

Nilikaa kitandani. Niliuliza swali la kijinga, lakini ndilo lililokuja: "Na bado ukamleta mtoto kwangu?"

"Ningempeleka kwa nani?" alisema, na safari hii alikasirika. "Una mama mwingine wa kunipa? Nilikuona unamwogopa, nikadhani unaogopa kumwambukiza. Ndiyo maana nikawa namlaza kwako kila asubuhi, ujue mimi siogopi. Leo ulipomtupa ndipo nikasema basi, labda ni sisi hatutakiwi."

Jambo nililoliogopa kuliko maumivu yenyewe, binti yangu alikuwa amelala nalo na kuamka nalo nyumba moja na mimi, na kila asubuhi alinikabidhi mwanawe. Nami nilimwona mvivu. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona kwenye lile dirisha la vidonge, na lile "sina" langu nililokuja nalo kwa fahari ningetamani nilimeze lirudi.

Dada alibisha hodi, akampitisha mtoto mlangoni na kuondoka. Binti yangu alimpokea, akaja akasimama mbele yangu.

"Wapi hapaumi?" aliuliza.

Waganga wote, na daktari naye, walikuwa wameniuliza wapi panauma. Nilikuwa nalia, na huko nje wakwe walikuwa wananisikia. Kisha nikamwonyesha bega la kulia, na akamlaza mtoto hapo.