Vidole Vilipofika Jangwani

Msusi yule wa mtaa wa Matonge alisuka huku akiongea, mdomo na mikono vikienda pamoja. Sephora, mteja wake wa miaka mingi, alimsikiliza akisimulia safari yake ya Moroko: soko la Marrakech lililonukia bizari na ngozi, ufuo wa Agadir, vichochoro vya Fez ambamo watu hupishana na punda. Alipofika jangwani, vidole vikasimama katikati ya nywele.

"Maman, kule muchanga haina mwisho," alisema kwa sauti ya chini ambayo Sephora hakuwahi kuisikia kwake. "Nilikaa juu yake, kimya, nikasikia damu yangu inatembea mu masikio. Bon, nikalia."

Harusi ya mdogo wake ilikuwa ikimngoja Sephora, na kichwa kilikuwa kimesukwa nusu tu. Lakini alipouona uso wa msusi kwenye kioo, hakuthubutu kumharakisha.