Hawezi Ipi?

Siku yangu ya mwanzo kazini nilipewa mizani ya watoto na kitambaa cha kuifutia, nikaambiwa nisiondoke hapo mpaka adhuhuri. Ilikuwa kliniki ya mtaa wa Ruwi. Mie nimesoma chuo cha Kurani, na skuli madarasa machache Unguja kabla hatujahamia Maskati, basi kazi yangu iliitwa mhudumu: unapima uzito, unamshika mtoto akichomwa sindano, na unafasiri. Wauguzi walikuwa Wahindi, Wamisri na Wafilipino. Akija mama wa Kizinjibari, mtu wa kwetu Unguja, na Kiswahili chake, naitwa mie.

Kila nilichofunzwa kilikuja kikageuzwa. Msimamizi wa wauguzi wa kwanza alitwambia mtoto mchanga alazwe ubavu. Wa pili akasema chali, na mama anayemlaza ubavu aonywe. Nikamuuliza, "Na wale tuliowaambia ubavu?" Akaniambia nikafute mizani. Wanja ukakatazwa, maji kabla ya miezi sita yakakatazwa, na mie wanangu wote nimewapa. Nikawa nasema nilichoambiwa, moyoni sielewi.

Wakanihamishia kliniki ya Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Huko ndiko alikokuja Sista Njeri, Mkenya. Alikuwa muuguzi tayari, lakini akisomea daraja la juu, muuguzi wa familia, anayepima wagonjwa mwenyewe, wakubwa kwa wadogo, na kuandika dawa bila ya kumngoja daktari. Wakubwa aliwamudu. Watoto ndio waliomtia khofu. Daktari Mkuu aliyekuwa akimfundisha, mwanamke mkavu, alimwambia, "Ukikosea kwa mtu mzima, atarudi kukulalamikia. Mchanga harudi."

Siku zake za mwanzo aliingia bibi mmoja na mjukuu. Njeri akauliza ana nini.

"Hawezi."

"Hawezi nini? Kutembea ama kukula?"

"Hawezi, mwanangu. Tangu jana hawezi."

Njeri akamshika mtoto miguu, akaikunja, akaikunjua. Yule bibi akanigeukia mie. "Huyu anatafuta nini huko chini?"

Ikabidi niingie. Nikamwambia Njeri, kwetu mtu akisema siwezi, anaumwa. Hawezi, ni mgonjwa. Maneno yamekwisha hapo.

"Lakini Mama, hiyo sentensi imekatwa mkia."

"Na chenu cha bara kimekatwa adabu. Andika mgonjwa."

Akacheka, akaandika. Tangu hapo akisikia hawezi anaitikia kama aliyezaliwa Unguja, na mie nikaona nimefundisha.

Sasa kuna kitu kinaitwa ishara za hatari. Kila mtoto lazima ziulizwe: ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Mchanga asiyenyonya hangoji foleni, anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, kwani anaweza kukufia mkononi.

Asubuhi moja akaja mama kijana na mchanga kamfunika shali. Njeri akauliza kwa utaratibu.

"Ananyonya?"

"Hawezi."

"Pole, najua ni mgonjwa. Ametapika?"

"Hawezi, sista."

"Sawa mama, nimesikia. Degedege je?"

Mie nimesimama penye mizani. Neno ni langu, nimezaliwa nalo, na sikulijua. Hawezi kunyonya, au anaumwa tu? Mtoto yu kimya. Nikasema moyoni labda kalala. Nikamuuliza yule mama, "Hawezi ipi, mwanangu?"

"Hawezi, bibi," akasema, akaanza kulia.

Njeri akanigeukia. "Anasema nini?"

"Sijui."

"Hujui aje? Si ni wewe ulinifunza?"

"Nakwambia sijui."

Daktari Mkuu alitusikia tukibishana, akaja mlangoni. Kiswahili hajui hata kidogo. Hakuuliza nani kasema nini. "Mpeni titi," alisema kwa Kiingereza, "mtazame."

Mama akafungua kifua. Njeri akapiga magoti. Chuchu ikamgusa mtoto mdomoni, mdomo haukufunguka. Tukamkwaruza nyayo, akafumbua jicho nusu, akalifumba. Njeri akapapasa utosi, pale palipo laini juu ya kichwa. Ulikuwa umebonyea, alama ya mtoto aliyekaukiwa maji. Hakungoja kuambiwa. "Anaenda sasa hivi," akasema, akamchukua mwenyewe mpaka kwenye gari ya wagonjwa, akapanda naye.

Mtoto alipona. Njeri naye alifaulu masomo yake. Lakini baada ya siku ile akawa haridhiki na jibu. Kila mama mwenye mchanga humwambia anyonyeshe mbele yake, hata foleni ikafika nje na watu wakanung'unika. Msimamizi akamgombeza kwa kuchelewesha kazi. Njeri akasema ndiyo, akaendelea vilevile.

Mie nimestaafu, nakaa Bustan kwa mwanangu. Wasichana wanaosomea uuguzi huja kuniuliza, bibi, tujifunze nini kwanza, lugha au ugonjwa? Nimemwona asiyejua neno akikosea, na nimemwona anayelijua akikosea kwa sababu analijua. Mie nilikuwa katikati yao, sina pa kushika.

Juzi juzi kwenye harusi nilikutana na yule mama. Mtoto wake anakimbia huku na huku, anakanyaga mabuibui ya watu. Nikamvuta kando nikamuuliza, siku ile ulikusudia hawezi ipi?

Akaweka chini kijiko cha halua.

"Bibi, hata mie sijui. Alikuwa hanyonyi, na alikuwa mgonjwa. Wewe ungezitenga vipi?"