Stika Chini ya Maua ya Harusi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilishinda kwenye kigoda cha watu nisiowajua pale Masanze, siku yangu mwenyewe ya kupelekwa kwa mume, nimejifunika ushungi na nimenuna kama mtoto aliyenyimwa uji. Sikuwa na mpango wa kukusimulia haya. Lakini asubuhi nimekusikia ukimwambia mwenzako kwamba bima ya pikipiki yako imekwisha tangu mwezi uliopita, na kwamba siku hizi stika hazibandikwi, kwa hiyo nani atajua. Mkacheka. Mimi nilikuwa hapo nachambua mchicha, na sikucheka. Kaa basi, abiria wa Kimamba hawaishi, utawakuta.

Wakati huo nilikuwa mwali wa watu, na kiuno ninacho, usinitazame hivyo. Nikaha ilikwisha kufungwa hapa Kimamba, nyumbani kwa baba, wazee wa upande wa bwana harusi walikuja, wakala, wakarudi kwao Mikumi kutusubiri. Kilichobaki ni mimi kusindikizwa. Babu yako Hamisi, bwana harusi mwenyewe, alikuwa na kibanda huko cha kuziba pancha kando ya barabara kuu, na mama yake alikwisha kutuma neno kwamba wali utakuwa tayari saa saba mchana na wageni wamealikwa. Mama mkwe unaanza naye kwa adabu, mwanangu. Ukichelewa siku ya kwanza utaambiwa mpaka uzeeni.

Wa kunipeleka alikuwa kaka yangu Shomari, Mungu amrehemu. Alikuwa na pikapu, na ile pikapu aliipenda kuliko alivyompenda mkewe, na mkewe alilijua hilo. Siku za kawaida ilibeba mahindi na watu wa gulio. Siku ile aliiosha mpaka ikang'aa, akaweka mabenchi nyuma kwa ajili ya mama, mashangazi, somo yangu aliyenifunda na akina mama wengine wa mtaani. Mimi nikapewa maua ya plastiki niyapange kwenye kioo cha mbele. Nikataka kuyafunga katikati, ndiko yanakopendeza. Kaka akasema hapana, funga pembeni, hapa, na akanionyesha kwa kidole.

Nikaona kwa nini. Pale pembeni, kwa ndani ya kioo, palikuwa na stika ya bima, na ilikwisha muda wake. Nikamuuliza. Akasema, "Hela nimeweka kwenye shughuli yako wewe. Wiki ijayo nakata nyingine. Trafiki gani atamsimamisha bi harusi?" Basi, mwanangu, nikayafunga yale maua, tena nikayakaza kwa riboni yasipeperuke. Sikusema neno, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuolewa.

Na kweli bwana, pale Kilosa mjini trafiki alituona, akacheka, akatupungia mkono tupite. Nyuma akina mama wakazidisha vigelegele. Kaka akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Tukaishika njia ya Mikumi, vumbi tupu, maana hii lami mnayoringia leo haikuwepo, na mashimo yalikuwa ya kuoga mtoto.

Tulipofika Masanze tukamkuta mzee mmoja amekaa katikati ya barabara, juu ya kinu alichokilaza, miguu ameinyoosha, anatafuna muwa. Kaka akapiga honi. Mzee akaendelea na muwa wake. Somo yangu akachungulia kutoka nyuma, akaanza kucheka. "Huyo ni Mzee Kulwa," akasema. "Alikuwa Kimamba kwenye mashamba ya mkonge zamani. Mnyamwezi. Mtani huyo, mpeni chake tupite."

Nyinyi wa siku hizi mkisikia utani mnajua wa mpira tu. Sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu waliopita huku kwa miguu na mizigo kichwani. Mtani ana haki yake. Msibani atalala kaburini mpaka apewe kitu, harusini atazuia njia, atachukua kuku wako au kofia yako, atakutukana matusi ambayo mwingine angetolewa meno, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeharibu wewe. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi bado nauona ni utaratibu mzuri kuliko mahakama.

Mzee Kulwa akainuka taratibu, akaizunguka gari. "Wasagara," akasema, "mnamtorosha binti bila kuniaga mimi bwana wenu? Hebu nimwone. Ala, miguu ya korongo hii ndiyo mliyomwuzia mtu?" Akina mama wakacheka mpaka wakashikana. Kaka akamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa shilingi aliyopewa. "Sitaki hela. Nachukua maua, nikamvalishe mke wangu." Akanyoosha mkono, akayang'oa maua yangu yote na riboni yake.

Halafu akainama, akaifuta ile pembe ya kioo kwa kiganja, akasoma. Alipoinuka uso ulikuwa si ule wa mwanzo.

"Kijana," akamwambia kaka, "hii imekwisha."

"Najua, mzee. Wiki ijayo."

"Umebeba watu wangapi huko nyuma?"

Kaka akacheka, akadhani bado ni utani. Akasema, "Mzee, ajali haina kinga. Mungu ndiye bima."

"Mungu ni Mungu, bima ni bima," mzee akajibu. "Usimpe Mungu kazi uliyoiacha wewe kwa uzembe. Zima gari."

Kaka akaongeza shilingi. Somo akashuka na kuku mzima, mzuri tu, aliyekuwa zawadi ya mama mkwe wangu. Mzee akakataa vyote. Akakisogeza kinu mbele ya tairi, akakaa. Hapo ndipo tulipojua kwamba hatanii, na hapo ndipo mkono wa kaka ulipofungwa, maana ungemsukumaje mtani, tena mzee, tena mbele ya mama yako? Mama mwenyewe alikwisha kushuka. Akauliza, "Shomari, ni kweli hii gari haina bima?" Kaka akatazama chini. Mama akawaambia wenzake washuke wote, na wakashuka mmoja mmoja, na vigelegele vikakoma.

Nililia, mwanangu. Nililia kwa hasira, wanja ukanishuka mashavuni. Kurudi Kimamba kusingewezekana, kwetu mwali akishaagwa hageuki nyuma, ni mkosi. Kwenda mbele ndiyo hivyo tena kinu kipo njiani. Na Mikumi wali unapoa, mama mkwe anatazama barabara, na watu wake wanaanza kunong'ona kwamba Wasagara wa Kimamba wamebadilisha mawazo. Nikamchukia yule mzee kwa moyo wangu wote. Nikasema kwa sauti, asikie, kwamba ana wivu kwa sababu kwake hakuna sherehe. Nilikuwa na ulimi siku zile. Bado ninao.

Mzee akamwambia kaka, "Baiskeli yangu ile pale. Kadi ya gari unayo? Nenda Kilosa ukakate. Gari haitoki hapa, hata tupu." Akina mama wakamchangia hela. Basi kaka Shomari, na suti yake ya kuazima, akapanda baiskeli ya Mzee Kulwa, akarudi Kilosa kwenye lile vumbi. Mtu wa basi dogo lililojaa pomoni, lililopitia pembeni kwenda Mikumi, akapewa salamu kwa mama mkwe, kwamba tupo njiani, tumepata kizuizi cha mtani. Alivyozifikisha mimi sijui.

Nikaingizwa ndani kwa mke wa mzee, Bi Tatu. Akanipa kigoda, akanipa maji ya kunawa uso. Alipokwenda kuchochea moto nikaona anatembea kwa kuburuta mguu, na hawezi kuchuchumaa. Anainama kutoka kiunoni mpaka nywele zinakaribia majivu. Nikainuka nikamchochea mimi, na nguo zangu za harusi, maana hata uwe na hasira kiasi gani, huwezi kumtazama mtu mzima akihangaika na kuni. Akacheka, akasema miguu yangu ni ya korongo kweli lakini inafanya kazi.

Mchana ukapita. Tukala ugali na mlenda, mimi na yeye. Nilipoona amenizoea nikamwambia kwamba mumewe amenifedhehesha. Akakubali, "Amekufedhehesha." Kisha akanieleza kuhusu mguu wake. Kwamba miaka ya nyuma alipanda lori la watu waliokuwa wakienda kuzika Kimamba. Breki zikakataa kwenye mteremko, lori likalala. Jirani yao, fundi cherehani, mkono ulisagika ukakatwa. Yeye nyonga ikavunjika. Walipokwenda kudai, lori halikuwa na bima, stika yake ilikwisha, mwenye lori alisema angekata baada ya mavuno. Kwa hiyo hakuna aliyelipwa kitu. Nyonga yake iliunga yenyewe, vibaya, hapo kitandani, kwa kuwa pesa ya kumpeleka Morogoro haikupatikana kwa wakati.

Nikasema, "Huyo mwenye lori mlaaniwa. Alikimbilia wapi?"

Bi Tatu akaniangalia, akasema, "Hakukimbia. Ndiye amekaa juu ya kinu huko nje."

Akaendelea kupukuta unga mikononi, akaniambia kwamba mzee aliuza chuma cha lile lori na shamba la bondeni, akampa yule fundi, na haikutosha, maana mkono hauna bei. Kila mavuno bado alikuwa anampelekea gunia la mahindi kwanza kabla ya kuweka lake ghalani. "Mimi nilimsamehe siku ile ile," akasema. "Yule fundi naye alimsamehe. Mwenyewe ndiye hataki. Leo ameona wanawake wamejaa nyuma ya pikapu wakiimba. Sisi nasi tulikuwa tunaimba."

Nikatoka nje. Jua lilikuwa linaelekea milimani. Mzee alikuwa pale pale, amekisogeza kinu kidogo tu kwa ajili ya baiskeli za watu. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile neno la wivu, lakini aibu ilinizidi, mwanangu. Nikapiga magoti nikamwambia shikamoo tu. Akaitikia marahaba, akanitazama, akajua kwamba nimeambiwa. Akasema, "Usilie tena, utamtisha mumeo."

Kaka alirudi jioni, suti imekuwa rangi ya udongo, stika mpya ndani ya mfuko wa shati. Aliibandika mwenyewe. Mzee akaisoma, akasogeza kinu. Kisha akawaambia akina mama wapande, akamshika kila mmoja mkono kumpandisha, kuanzia mama yangu. Kaka akaondoa gari polepole kuliko nilivyowahi kumwona. Tulifika Mikumi giza limeingia. Wali ulikuwa umepoa, nusu ya wageni wameondoka, na mama mkwe akanipokea kwa mdomo uliofungwa kama kibuyu. Alinisema kwa mwaka mzima, na nilistahili.

Sasa utaniuliza, bibi, je, njiani mlipata ajali? Hatukupata, hata pancha. Tungepita na stika ile iliyokwisha, tungefika salama vile vile, saa saba, na wali wa moto. Hicho ndicho kinachowadanganya watu, mwanangu. Siku zote unafika, unafika, unafika, mpaka unadhani kufika ni haki yako. Mzee Kulwa naye alikuwa amefika mara nyingi.

Kwa hiyo nisikilize, na usitazame simu. Hiyo bima kaikate leo kabla hujapakia mtu. Ukiona muda unakaribia kwisha, nenda mapema, usingoje mavuno wala wiki ijayo. Zamani stika ikidondoka au ikiibiwa, ulikwenda polisi ukaeleza, kisha ukarudi kwa aliyekukatia ukapewa nyingine, hakukuwa na ajabu. Siku hizi trafiki anabonyeza namba yako kwenye simu, anaona kila kitu, lakini hata asipobonyeza, hata akupungie mkono akicheka, wewe unajua. Wa kumwogopa si trafiki. Trafiki atakuandikia faini, utanuna, utalipa, yatakwisha. Mwogope yule mama atakayepanda nyuma yako na kikapu chake, akushike kiuno kwa sababu anakuamini. Akivunjika, utamtazama akiinamia moto wake maisha yake yote, na huenda wewe, kama Mzee Kulwa, ndiye utakayekuwa unakula chakula chake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, lakini nyonga ya mtu si ukuta, hujengi tena.

Na mtu akikuzuia njiani kwa jambo la haki, hata akikuharibia shughuli yako, hata akuaibishe mbele ya mama yako, usimwite mwenye wivu kama nilivyofanya mimi. Uliza kwanza amepitia nini.

Haya, funguo zako hizi hapa, nimezikalia tangu asubuhi na bado nitazikalia. Nenda kwa miguu mpaka stendi, panda gari la watu uende Kilosa, ukakate bima, ndipo urudi uichukue pikipiki yako. Mola akufikishe uendako na akurudishe, wewe na kila utakayempakia. Kila atakayeshuka kwenye pikipiki yako, ashuke kwa miguu yake yote miwili. Amina.