Kahawa Iliyotupa Timu ya Nne

Shida zilitukuta mwaka wa sabini na nne, mie nina miaka kumi na miwili. Tumetoka Unguja na mabegi yetu, tukaja kushukia Ibra, Omani, mji wa babu zetu ambao hatukuwahi kuuona. Baba aliyekuwa na duka lake akawa anabeba matofali. Mama akatuchomea chapati juu ya kuni za mitende, macho yanamtoka machozi. Nyinyi wa rika langu mnayajua hayo: umeme hakuna, maji ya falaji, ule mfereji wa mashambani, na jua la saa saba linakausha nguo kabla hujamaliza kuianika. Skuli nilikaa miaka miwili tu. Wenzangu wanasoma Kiarabu kama wanakunywa maji, mie nahesabu mbuzi wanaopita dirishani. Nikatoka. Sijutii.

Raha ilikuwa Ijumaa baada ya laasiri, mpira wa wadini, ndani ya bonde la mto. Wadi ikikauka, mawe yanaondoshwa, magogo ya mtende yanasimamishwa, hilo ndilo goli. Timu zilikuwa tatu, na kijana anachezea mtaa wa baba yake, khalas. Sisi wa Unguja tumepanga huku na huku, hatuna mtaa. Kazi yetu kukaa juu ya mawe na kutazama, na mpira ukitoka nje tunaukimbilia angalau tuuguse.

"Ya Zinjibari, rudisha mpira!" Hiyo ndiyo salamu yetu.

Nilirudi nyumbani nalia. Mama akaniambia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hilo jembe hawajatupa bado. Subiri."

Ami Masoud, mdogo wake baba, hakusubiri. Alikuwa winga hodari Unguja, na mdomo wake una mbio kuliko miguu. Akasema atakwenda kuomba timu ya nne kwa Sheikh Saif, mzee mwenye gari ya maji, ambaye ndiye akipanga mechi na neno lake hapana alivunjaye. Tukamfuata vijana wote sita. Tukakaribishwa mkekani, ikaja halua, ikaja kahawa. Wallahi, ami alikuwa na hamu na kahawa! Akanywa finjani ya kwanza, akanywa na ya pili, akaisifu iliki, akaongezwa tena, kisha akaitikisa finjani kuonesha ametosheka. Hapo ndipo akaeleza haja yake.

Sheikh Saif akatabasamu. "Umetutembelea, ya Masoud, umetufurahisha. Karibu na siku nyengine."

Njiani ami aliutukana mji mzima. Jirani yetu Bi Shamsa, mzaliwa wa pale pale, alipohadithiwa alicheka mpaka akashika mbavu.

"Umeinywa?"

"Mbona nisiinywe? Nimeletewa!"

"Basi ulikwenda kutembea tu. Huku mwenye haja haitii kahawa mdomoni. Anaiweka chini mpaka mwenyeji amwambie: kunywa, haja yako umepata."

"Na ikipoa?"

"Ikipoa ni aibu ya mwenyeji, si yako."

Ijumaa ya pili tukarudi. Baraza imejaa watu wa timu zote tatu. Ami akapokea finjani, akaiweka chini. Watu wakageuka kumtazama.

"Kunywa, ya Masoud."

"Sinywi."

"Kunywa bwana, inapoa."

"Iwache ipoe."

Sheikh Saif akamtazama ami, akatutazama sisi na kanzu zetu zilizotupanda magotini. "Kunywa," akasema. "Ulilolijia umepata."

Ami akaibugia kwa mkupuo mmoja. "Nataka timu ya watoto wangu. Na wachezaji ninao sita tu!"

Watu walicheka, lakini neno limeshatoka. Ikabidi kila timu itoe vijana wawili. Mnadhani walitupa nani? Mgomvi aliyegombana na kila refa. Pacha wawili wasiopasiana ila wao kwa wao. Kipa anayeacha goli wazi akiona mbuzi wao wanapotea. Nahodha mmoja alitwambia, "Wachukueni, na msiturejeshee!" Tukawapokea kama dhahabu. Mama akashona jezi zote kwa mapazia ya kijani aliyotoka nayo Unguja.

Mechi ya kwanza tulifungwa vibaya, kipa yuko mbali anafukuza beberu. Lakini nilicheza. Na yule mgomvi akapaza sauti wadi nzima ikasikia: "Salim! Pasi, Salim!" Mara ya kwanza Ibra kuitwa jina langu na mtu asiyekuwa wa nyumbani.

Vijana wa leo wana majani ya plastiki, taa na kocha wa kulipwa. Timu wanaiunda kwa simu Jumatatu, Alkhamisi wameshagombana na imevunjika. Kahawa wanakunywa ndani ya gari, kwenye gilasi ya karatasi, peke yao. Sisi timu yetu tuliiomba mbele ya watu, na waliotupa wakawa na haya ya kutunyang'anya. Timu ipo mpaka leo.

Mie sikusoma, lakini sikulala. Nina nyumba Ibra na nyumba Nizwa. Nina duka la saruji na mabati. Nina malori mawili na shamba la mitende Bidiya. Na Ijumaa, pembeni ya uwanja, nina pangu pa kukaa, na hapana anayeniuliza mimi mtoto wa mtaa gani.